Kuziba sauti ukumbini au kuzima muziki mapema?

Kuzima muziki saa 4 usiku hakuhitaji fundi wala tofali, na usiku huohuo jirani analala. Ila saa hizo bendi ndiyo kwanza imepasha moto, na wateja wanaanza kuagiza. Ukumbi unaweza kufa hivihivi.

Kuziba sauti ni ghali, na wengi huanza vibaya. Sponji za ukutani hupunguza mwangwi wa ndani tu, besi, yaani sauti nzito za chini, haizijali. Wimbi la besi la hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde) lina urefu wa karibu mita 7, linapenya ukuta na kutetemesha glasi kabatini kwa watu. Kinachosaidia ni uzito na utengano: kuta mbili zenye nafasi katikati, milango miwili inayofuatana, spika zisizokaa moja kwa moja sakafuni. Mlango ukiachwa wazi, kazi bure.

Mimi naegemea kuziba. Ugomvi ni nani alipe. Uingereza mwaka 2018 iliweka kwenye sera ya mipango miji kanuni kwamba anayejenga nyumba karibu na ukumbi uliotangulia ndiye anayegharamia kinga. Haki kabisa. Lakini makelele ya wateja wakiagana barabarani hayazibwi na ukuta wowote. Hapo dawa ni saa ya kufunga tu.