Hedifoni za Kufunika Masikio kwa Msafiri wa Daladala na Mwendokasi: Tano Zinazofaa, kwa Mpangilio

Mkazi wa Dar es Salaam anayetoka Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta kwenda Posta kila asubuhi hukaa barabarani muda unaotosha kusikiliza albamu nzima, na jioni foleni ikikaza husikiliza mbili. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na unahusu hedifoni za aina moja tu: zile zinazofunika sikio lote na ambazo vikombe vyake vimezibwa kwa nyuma. Zile zenye matundu nyuma, ambazo wapenzi wa muziki huzisifu kwa upana wa sauti yake, hazifai ndani ya basi, kwa sababu humsikilizisha jirani muziki asiouomba na hukuletea wewe mngurumo wote wa Coaster.

Nimezipanga kwa kuanzia na starehe, jambo ambalo wauzaji wengi hulitaja mwisho, kama hulitaja kabisa. Sababu yangu ni nyepesi. Hedifoni yenye sauti nzuri kupita zote, lakini inayokuchosha shingo na kukutokwesha jasho ukifika Tazara, utaivua na kuitia kwenye begi, na muziki utakuwa umekwisha.

Starehe hiyo hutokana na mambo matatu yanayovutana. La kwanza ni uzito, ambao unaweza kuusoma kwenye boksi: gramu 200 hazisikiki kichwani, gramu 250 huvumilika kwa saa kadhaa, na zikikaribia 300 ubora wa utepe wa juu ndio unaoamua kama utosi utauma au la. La pili ni mbano, yaani nguvu ambayo vikombe vinatumia kukandamiza pande za kichwa. Mbano ukizidi, taya huuma. Ukipungua, kikombe huacha mwanya, na kwenye mwanya huo besi hutoka na kelele huingia. La tatu ni mito inayogusa ngozi. Karibu hedifoni zote za safari hutumia ngozi bandia, ambayo huziba vizuri lakini hushika joto, na kwenye basi lililosimama juani mwezi wa Februari hakuna modeli itakayokuacha mkavu. Kinachotofautiana ni kina cha mto na upana wa tundu lake. Sikio likigusa sponji au kitambaa cha ndani, joto huanza mapema zaidi na maumivu hufuata.

Kipimo cha mbano na mwanya hakihitaji utaalamu. Vaa hedifoni dukani, cheza wimbo wenye besi unaoujua vizuri, kisha bonyeza vikombe vyote viwili taratibu kwa vidole. Besi ikiongezeka waziwazi, basi vikombe havikuzibi sawasawa. Anayevaa miwani afanye jaribio hili akiwa nayo, kwa kuwa mkono wa miwani huinua mto nyuma ya sikio na kuacha upenyo mdogo usioonekana, na afanye hivyo kwa dakika kumi badala ya moja, maana maumivu ya mkono wa miwani uliokandamizwa huchelewa kuja. Anayevaa hijabu naye aijaribu juu ya kitambaa anachokivaa kila siku; kitambaa chepesi hupunguza besi kidogo, kizito huipunguza sana. Kwa mwenye rasta au nywele zilizosukwa, tatizo huwa ni utepe, kwa hiyo aangalie kama unarefuka vya kutosha na bado ukabaki na nafasi ya ziada.

Baada ya starehe, linafuata suala la kelele, nalo hueleweka vibaya sana. Mfumo wa kufuta kelele hutumia maikrofoni zilizo kwenye vikombe kusikia sauti ya nje, kisha saketi hutoa wimbi lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yakikutana huuana. Mfumo huu una nguvu juu ya sauti nzito zinazoendelea bila kubadilika, kama vile injini ya dizeli, feni ya kiyoyozi au mvumo wa matairi. Honi, sauti ya konda anayeita abiria na kishindo cha mkono wake kwenye bodi la gari huja kwa ghafla au kwa masafa ya juu, na hizo huzuiwa zaidi na mto na kikombe kuliko saketi. Kwa hiyo mtu anayetarajia kuingia kwenye ukimya kamili katika daladala inayocheza muziki wake yenyewe atasikitika, hata akinunua hedifoni ya bei kubwa kuliko zote. Kwenye kivuko cha Kigamboni jambo jingine hujitokeza, kwani upepo wa bahari unapopiga maikrofoni za nje, baadhi ya hedifoni huutafsiri kama kelele na kutoa mvumo wake zenyewe. Ukikaa sehemu ya wazi, zima mfumo huo.

Faida kubwa ya kuzuia mngurumo ni kwamba huhitaji kuongeza sauti ili kuushinda. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda huo hukatwa nusu, hivyo desibeli 89 zinabakiza saa 5 tu. Msafiri wa kila siku huzimaliza kabla ya Jumatano.

Ya kwanza katika orodha yangu ni Sony WH-CH720N, iliyotoka mwaka 2023. Ina gramu 192, na uzito huo pekee unaitenganisha na karibu zote zenye mfumo wa kufuta kelele. Mbano wake ni wa wastani, betri hudumu hadi saa 35 mfumo ukiwa umewashwa, maana yake ni kwamba anayesikiliza saa tatu kwa siku anaweza kumaliza wiki mbili za kazi bila kutafuta chaja, jambo la maana kwa mtaa ambao umeme hukatika. Nimeiweka juu pia kwa sababu ya vitufe vyake. Katika mwendokasi la saa moja asubuhi huna siti. Mkono mmoja umeshika bomba la juu, na mwingine ndio unaopaswa kupapasa kikombe na kubadilisha wimbo bila kuangalia. Kitufe halisi hujulikana kwa kidole, hata kidole kikiwa na jasho. Mapungufu yapo: mwili wake ni wa plastiki mtupu, vikombe hugeuka na kulala bapa lakini hedifoni haikunjiki, na boksi halina kasha la kuibebea, hivyo usiitupe ndani ya begi pamoja na funguo na chombo cha chakula. Ilizinduliwa kwa bei ya takriban dola 150 za Marekani, na baadaye imekuwa ikiuzwa chini ya hapo mara kwa mara.

Ya pili ni Bose QuietComfort ya mwaka 2023, ambayo kwa starehe tupu, bila kuuliza bei, ningeiweka ya kwanza. Ina gramu 240 hivi, lakini mito yake laini na mbano wake mwepesi huifanya ionekane nyepesi kuliko takwimu hiyo, na wenye miwani wataona tofauti haraka. Kampuni hii ina historia ndefu katika kazi ya kufuta kelele: Amar Bose alianza kuliwaza wazo la hedifoni za kufuta kelele akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na kampuni yake ikatoa hedifoni ya marubani mwaka 1989. Mngurumo wa injini ndio ilioundwa kuupiga, na inaupiga vizuri. Inakunjika, ina kasha gumu na ina vitufe. Betri yake hudumu saa 24, pungufu kuliko washindani wake. Kinachoishusha ni bei ya uzinduzi ya dola 349, kwa sababu hedifoni ya thamani hiyo kichwani mwa mtu aliyekaa dirishani kwenye foleni ya Buguruni ni mwaliko kwa vibaka. Anayeinunua akae siti ya ndani.

Sony WH-1000XM4 ya mwaka 2020 naiweka ya tatu, juu ya warithi wake. XM5 ya mwaka 2022 haikunjiki, na XM6 ya mwaka 2025 imerudisha bawaba za kukunja lakini ilizinduliwa kwa dola 450 hivi. XM4 ina gramu 254, saa 30 za betri, inakunjika na kuingia kwenye kasha dogo, na inafuta kelele kwa kiwango ambacho bado kinaheshimika. Ukifunika kikombe cha kulia kwa kiganja, muziki hushuka na sauti za nje huingia, njia nzuri ya kumsikia konda anapodai nauli. Hata hivyo, uso wa kikombe hichohicho ndio unaoendeshea kila kitu kwa kugusa, na mtu anayekusukuma begani ndani ya basi lililojaa anaweza kukubadilishia wimbo. Pia kuna kipengele kinachosimamisha muziki kila unapozungumza: unaita "Shusha!" na wimbo unakatika. Kizime kwenye programu ya simu siku ya kwanza.

Ya nne, kwa mwenye bajeti ndogo, ni Soundcore Life Q30 ya kampuni ya Anker. Ilizinduliwa kwa dola 80, betri yake hudumu saa 40 mfumo ukiwa umewashwa, inakunjika na huja na kasha gumu, vitu viwili ambavyo namba moja yangu haina. Sauti yake ina besi nyingi mno inapotoka kwenye boksi, na anayesikiliza taarabu au dansi ya zamani atahitaji kuipunguza kwenye programu yake ili gitaa na sauti za waimbaji zipate nafasi. Anayesikiliza singeli huenda asiguse chochote.

Ya tano ni ya waya, nayo ni Audio-Technica ATH-M50x. Haina betri wala mfumo wa kufuta kelele. Inategemea mbano na mito tu, na mbano wake ni mkali katika wiki za mwanzo. Ina gramu 285 bila waya, na masikio hupata joto. Kwa nini basi iwepo? Kwa sababu inadumu. Waya wake unachomoka, mito yake inabadilishwa kwa urahisi, inakunjika, na miaka kadhaa baadaye, betri za hizo nyingine zikiwa zimechoka, hii itakuwa inafanya kazi vilevile. Boksi lake lina waya tatu, mmojawapo ukiwa mfupi wa mita 1.2 unaofaa safarini. Ndugu yake, ATH-M40x, ni nyepesi na ya bei nafuu zaidi, ila huja na waya za urefu wa studio peke yake. Hakikisha kwanza kwamba simu yako ina tundu la pini ya milimita 3.5, kwa kuwa simu nyingi za sasa hazina, na utalazimika kununua adapta.

Tatu zinazosifiwa sana nimeziacha nje. Beyerdynamic DT 770 Pro, toleo lenye ukinzani wa umeme wa omu 80, ina mito ya mahameli ambayo ni tulivu na yenye hewa kuliko ngozi bandia yoyote, lakini waya wake wa mita 3 hauchomoki na hedifoni haikunjiki. Hiyo ni ya nyumbani. Sennheiser HD 25 ina gramu 140 tu na huzuia kelele vizuri ajabu, ila hukaa juu ya sikio badala ya kulizunguka, na ndiyo maana inapendwa na madijei wanaoivaa na kuivua kuliko abiria wa saa nzima. AirPods Max ina takriban gramu 385, karibu mara mbili ya chaguo langu la kwanza, na sioni sababu ya kuubeba uzito huo kutoka Kimara hadi Kivukoni.

Kuhusu mahali pa kununua, Kariakoo kuna kila kitu, na feki zikiwemo, zenye boksi na nembo visivyotofautiana na halisi. Usimalize biashara kwa kuangalia boksi. Iunganishe na programu rasmi ya mtengenezaji kwenye simu yako palepale dukani. Bidhaa ya kuiga mara nyingi haitambuliki humo. Kisha simama karibu na feni ya duka au jenereta iliyo nje, bila kucheza muziki, washa na kuzima mfumo wa kufuta kelele mara kadhaa. Mvumo usipopungua hata kidogo, kilichoandikwa kwenye boksi si kweli. Uzito nao husaidia, kwa kuwa vipimo rasmi vinajulikana na mizani ndogo ya jikoni hutosha kuonyesha tofauti kubwa. Dai risiti yenye jina la modeli na namba ya bidhaa, na mwenye duka akukubalie kwa maandishi kuirudisha ndani ya siku chache ikikataa kuchaji au upande mmoja ukinyamaza.