Duka la stika za zamani za wachezaji mpira pale Shela, Malindi: hatimaye nimemaliza timu yangu ya Napoli

Haya jamani, hii riviu nimeiahidi tangu kabla ya Ramadhani na kila siku nasema kesho kesho, leo stima imepotea kazini na simu ina chaji, wacha niandike.

Duka lenyewe liko mji wa kale, Shela, naongea Shela ya Malindi sio ile ya Lamu msije mkapanda basi bure. Halina jina wala kibao. Ni chumba cha mbele cha nyumba ya mtu, mlango wa mbao umeliwa na chumvi, nje kuna friji bovu limelazwa likawa meza na juu yake kandili mbili, pasi ya makaa na redio isiyoongea. Ukipotea uliza kwa Ami wa mabati, ndiye mwenye duka, mtoto yeyote atakupeleka, wengine watataka kumi, wape tu.

Kwa asiyejua, huku kwetu Waitaliano wamekuja tangu enzi za San Marco kule Ngomeni, walipokuwa wakirusha satelaiti kutoka jukwaa la baharini, ya kwanza pale iliruka 1967, baadaye zikaja hoteli, wakajenga manyumba, wakazaa, wakazeeka. Sasa mtu akizeeka anarudi kwao au anakufa, nyumba inauzwa na vya ndani vinatoka kwa bei ya kutupa. Watu hukimbilia makochi na majenereta. Ami yeye alikuwa mpishi wao miaka na miaka, Kitaliano anakiongea kama amezaliwa nacho, kwa hivyo nyumba ikifunguliwa yeye haangalii kochi, anauliza masanduku ya watoto yako wapi. Manake anajua mle ndani hazikosi stika za mpira, zile za Panini.

Sio panini ya kula, ile ya mikahawa ya Lamu Road. Ni kampuni ya ndugu wa mji wa Modena, Italia, waliokuwa na kibanda cha magazeti, wakatoa albamu ya wachezaji wa ligi ya Italia msimu wa 1961-62 na mpaka leo kampuni inazitoa. Mwanzoni walikuwa wanazichanganya stika ndani ya chombo cha kusukia siagi ili mtoto asifungue pakiti akutane na sura moja mara tatu, mpaka 1964 mmoja wao, Umberto, akaunda mashine ya kazi hiyo. Haya yote kanihadithia Ami, na anahadithia kama alikuweko anashika chombo.

Sasa niwaambie jambo lililonichukua muda kulielewa. Mimi nilikuwa mtu wa albamu nzima. Nilinunua moja kwake, ya msimu wa 86-87, nusu tupu, Serie A, ligi kuu yao, peke yake ni timu kumi na sita na nyuma yake kuna za madaraja ya chini, nikawa nabandika, nabandika, nikijaza ishirini naona mapengo mia, nikaichukia nikaitupa juu ya kabati. Aliyeniokoa ni binamu yangu aliyeko Baltimore. Yeye anakusanya kadi za beisiboli, mchezo ambao mpaka leo mimi sielewi mtu anashindaje, lakini akaniambia kwao watu wengi wa hii kazi hawafukuzi seti nzima, wanachagua timu moja ya mwaka mmoja, wanaimaliza, basi. Kwa sababu seti yao maarufu, ya kampuni ya Topps ya 1952, ina kadi 407, na kuanzia namba 311 kwenda juu ni balaa, zilitoka mwisho wa msimu watoto wameshachoka kununua, zikabaki stoo miaka, na mwaka 1960 zilizobaki zikapakiwa kwenye tishari zikaenda kumwagwa baharini. Wallahi baharini. Na hiyo 311 yenyewe ni Mickey Mantle wa timu ya Yankees, moja iliyotunzwa vizuri iliuzwa 2022 kwa dola milioni 12.6. Kwa hivyo ukiipenda Yankees ya mwaka huo umekwisha kabla hujaanza. Binamu yangu mjanja, akachagua St. Louis Browns ya 1953, timu iliyokuwa inapigwa na kila mtu, msimu wa mwisho kabla haijahamia hapo hapo Baltimore ikabadilishwa jina kuwa Orioles. Humo anaringa na kadi ya Satchel Paige, kampuni yenyewe ilikosea jina ikaandika Satchell, herufi eli mbili. Akaniambia, we chukua ukurasa mmoja tu, umalize, halafu nipigie.

Nikachagua Napoli. Ndio ule msimu Maradona aliwapa ubingwa wa kwanza, Mei 1987, na kombe la Italia juu yake, na inasemekana kule Napoli mtu alienda kuwaandikia marehemu kwenye ukuta wa makaburi, hamjui mlichokikosa. Mji wa watu kama hao mimi naelewana nao.

Na kweli nilivyoanza tu nikaona tofauti. Kuwa na stika nyingi ni kitu kimoja, kumaliza timu ni kingine kabisa. Timu ni watu wanaojuana. Ni kama sinia la biriani watu wamekaa wamenawa, mmoja hajafika, macho yote yako kwenye ile nafasi yake hata kama alikuwa sio mtu wa maana sana. Beki ambaye maisha yako hujawahi kumsikia unaanza kumuota usiku.

Sasa huduma. Ami haweki stika nje. Ziko kwenye mabati ya biskuti, yale ya duara, yako saba, kila moja ndani kuna mchele umefungwa kwenye kipande cha leso ili uvute unyevu, manake bahari iko mtaa wa pili na karatasi ya Malindi haijui kukaa kavu. Anafungua bati pole pole, anapangusa vidole kwenye kikoi, anatoa bunda lililofungwa uzi. Uzi, sio raba, raba ikioza inaganda na karatasi, hilo nalo kanifunza yeye. Halafu anakupigia moja moja mezani kama karata na wewe unatakiwa ujibu kama wanavyojibu watoto wa Kitaliano: celo, celo, celo, manca. Celo ni ninayo, manca ni sina. Siku za mwanzo nilikuwa naona haya, mtu mzima na ndevu zangu nasema celo celo mlango uko wazi na watu wanapita kwenda msikitini. Sasa hivi nimezoea mpaka nikihesabu samaki sokoni inanitoka.

Kwake nilipata wote isipokuwa mmoja. Na msidhani ni Maradona, Maradona nilimpata siku ya kwanza, mia tano, kwa sababu kila mtoto alikuwa anamtunza kwa hivyo wamebaki wengi. Bagni nikapata, Giordano nikapata, Bruscolotti nikapata wawili. Aliyekosekana ni kipa, Claudio Garella, yule aliyekuwa anaokoa kwa miguu kuliko kwa mikono, aliyechukua ubingwa na Verona 1985 halafu akaja akauchukua tena na Napoli. Nikamlalamikia Ami, akacheka akasema makipa ndio wapotevu siku zote, akanipa kisa cha Pizzaballa, kipa wa Atalanta kwenye albamu ya 1963-64, watoto wa Italia nzima walimtafuta hawakumwona, mpaka jina lake likawa ndio jina la kitu kisichopatikana.

"Sasa Garella ndio Pizzaballa wako, mwanangu. Subiri."

Sikusubiri. Nikaingia mtandaoni nikaagiza kwa muuzaji wa ng'ambo, simtaji, nikalipa ya stika na ya usafiri ambayo ilikuwa mara nne ya stika, nikakaa miezi miwili naenda posta mpaka wananijua. Bahasha ikafika, Garella yumo, anang'aa. Namgeuza nyuma: nyeupe pe. Hakuna namba, hakuna maandishi, hakuna kitu, karatasi ya kawaida tu. Fotokopi ya rangi! Nikampelekea Ami, akaishika, akainusa, narudia akainusa, akanirudishia akasema huyu amezaliwa juzi. Hakuniambia si nilikwambia, na hapo ndio nilimpenda zaidi yule mzee.

Basi kaskazi ya mwaka huu, saa tatu usiku simu inalia. "Mwanangu umelala? Kuna mtu hapa anakungoja." Alikuwa amebeba sanduku kutoka nyumba moja upande wa Casuarina, mwenyewe ameuza anarudi kwao. Usiku ule usingizi haukuja vizuri nawaambia ukweli.

Asubuhi nimefika kabla hajafungua. Hakumtoa haraka, hapana, akaniwekea kahawa tungu kwanza na kipande cha kashata, ati ninywe mikono itulie ndio niguse. Akafungua bati la nne. Alikuwa amemweka peke yake ndani ya bahasha ya dawa, zile za kaki za hospitali. Kona moja ya juu imekunjika kidogo, na nyuma kuna alama ya kutu ya klipu mtoto alikuwa amembana nayo, lakini ile karatasi ya mgongoni haijabanduliwa, namba iko, gundi imelala ndani vile vile tangu 1986. Kwenye mwanga wa mlango ile kutu ilikuwa na umbo kamili la klipu, mistari miwili na kona yake ya mviringo, kama mtu ameichora.

Nikasema manca. Ami akasema, "Celo."

Elfu moja na mia mbili. Nikatoa bila kupigania bei na hapo naungama nimefanya ujinga, angeteremka mpaka mia nane.

Nyumbani nikafungua ule ukurasa mezani nikamlaza juu ya pengo lake, bila kubandua wala kubandika, nikakaa naangalia tu. Mamangu akapita na kijiko mkononi akauliza kuna nini. Nikamwambia wamefika wote. Akainama akawatazama mmoja mmoja, akauliza huyu mfupi ndio yule Maradona, nikasema ndio yeye, akasema ana nywele nzuri akarudi jikoni kugeuza viazi vyake. Mpaka leo Garella sijambandika. Kuna siku nasema nimbandike albamu ikamilike kama ilivyokusudiwa, kuna siku naona nikibandua ile karatasi ya nyuma nimemuua. Wenye maoni semeni, lakini msije na matusi.

Malalamiko yapo, msidhani nimelipwa. Duka linafungwa saa saba kasoro na halifunguki mpaka baada ya alasiri, na siku nyingine alasiri yenyewe inafika magharibi. Mpesa anapokea lakini anataka uongeze ya kutolea. Hakuna kupiga picha ndani, ukitoa simu anafunika bati. Mwanga hafifu, nenda na tochi. Misimu anaichanganya, utapewa bunda la 86-87 ndani yake kuna wa 87-88 watatu, kwa hivyo geuza kila moja uangalie nyuma. Na kuna siku aliniuzia Bagni aliyebanduliwa kwenye albamu nyingine, mgongo wote umechunika na vipande vya karatasi vimeganda, hakuniambia na mimi sikugeuza. Nilivyomrudishia alibadilisha bila maneno, akaniongeza na pakiti ya mabuyu, lakini ingekuwa mgeni wa mbali angerudi vipi?

Halafu bei. Wa kawaida hamsini, wenye majina mia moja na hamsini mpaka mia tano, picha ya timu mia mbili, nembo mia. Disemba wakija Waitaliano kila kitu kinapanda, nenda Mei au Juni mvua ikinyesha na mji umelala, Ami mwenyewe anataka mtu wa kuongea naye. Na kuna jambo moja naomba radhi kwenu nyote mtakaofuata: tangu aone nilivyomlipia Garella, sasa kipa yeyote, awe na jina asiwe na jina, ni mia tatu. Hilo ni kosa langu.

Nampa nyota nne. Ningempa tano ila Bagni bado ananiuma.

Jana kanitumia ujumbe wa sauti, anaongea huku anatafuna kitu. Amepata bunda la Verona ya 84-85, hajalihesabu lote lakini kipa yumo. "Ni Garella wako huyu huyu, akiwa bado kwao kwengine. Lakini huyu nimeshamwekea bei, usije na maneno mengi." Naenda Alhamisi baada ya alasiri, na tochi.