Tiba shufaa: wodini au nyumbani kwa mgonjwa?

Katika tiba shufaa, yaani kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito hata kama haponi, muuguzi wa wodini ana kila kitu karibu: oksijeni, dripu, daktari wa kuitwa, mwenzake wa kumpokea zamu. Maumivu yakipanda saa nane usiku, mofini, dawa kali ya maumivu, ipo kabatini, chini ya kufuli na daftari lake. Ila wagonjwa ni wengi, na mazungumzo marefu hayapatikani.

Nyumbani ni kazi nyingine kabisa. Unapiga hodi, unakaribishwa chai (ukikataa umeharibu), na kabla hujamgusa mgonjwa umeshajua nani anamlisha, nani amechoka, nani hataki ugonjwa utajwe. Mofini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa hiyo mtoa dawa hasa si wewe. Ni binti yake au mkewe. Unamfundisha kupima kwa sirinji, dozi ya kulala iwe maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku wa manane, na asisahau dawa ya kulainisha choo. Hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na choo kikifunga kwa sababu ya mofini, wengi huiacha. Uganda ililipa jambo hili uzito: tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe.

Ubaya wa nyumbani ni upweke. Mgonjwa akifariki, unarudi kwa bodaboda, huna wa kumsimulia. Wodini angalau kuna mwenzako wa zamu.

Muuguzi mpya ningemwambia aanzie wodini mwaka mmoja, azijue dozi, kisha atoke aende majumbani.