Mlezi wa dharura mtoto akiugua: miezi minane ya kuitumia huduma hii

Saa kumi na moja alfajiri kipimajoto kilisoma 38.7. Kituo anakolelewa binti yangu hakipokei mtoto mwenye homa ya 38 kwenda juu, na hata ikishuka anatakiwa kukaa nyumbani saa 24 bila homa, tena bila kusaidiwa na dawa. Kwa hiyo homa ya usiku mmoja inakula siku mbili za kazi. Mwenzangu alikuwa safarini, na mimi saa nne nilikuwa na kikao ambacho nilishakiahirisha mara moja kwa sababu hiyohiyo. Ndipo nikakumbuka huduma ya walezi wa dharura niliyojisajili miezi miwili nyuma.

Kujisajili mapema ndiko kulikoniokoa. Alfajiri ya namna ile huna akili ya kujaza fomu ya chanjo, mzio, dawa anazotumia na nani apigiwe simu usipopatikana. Dada aliyepokea simu aliniuliza maswali mpaka nikaona ananichelewesha: Anatapika? Anaharisha? Ana vipele? Maji anakunywa? Mara ya mwisho amekojoa saa ngapi? Kumbe alikuwa anachuja. Hawatumi mlezi kwa mtoto anayetapika, wala mwenye tetekuwanga ambaye malengelenge yake hayajakauka yote, wala mwenye homa iliyovuka 39. Kwa ufupi, wanamlea mtoto ambaye kituo kimemkataa lakini si wa kukimbizwa hospitali. Msidhani hao ni wachache. Mtoto mdogo anayeshinda na wenzake anaweza kupata mafua mara nane au hata kumi kwa mwaka.

Mlezi wa kwanza alifika saa mbili kasoro robo, mama wa makamo, sauti ya chini. Alinawa mikono, kisha akauliza uzito wa mtoto kabla hata ya jina lake. Mimi nikamtajia umri. "Umri haunisaidii, mama, nataka kilo." Parasetamoli ya mtoto hupimwa kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, dozi moja na nyingine zipishane angalau saa nne, na zisizidi nne kwa siku. Akauliza nimempa saa ngapi mara ya mwisho. Sikukumbuka! Alinitazama tu, akachukua karatasi, akachora mistari, akaibandika ukutani. Ile karatasi ipo mpaka leo, na mimi mwenyewe naijaza.

Sasa niseme lililonikera, maana sifa peke yake hazimsaidii mtu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mtoto wa miaka miwili mwenye homa, mgeni ni msiba juu ya msiba. Binti yangu alilia karibu saa nzima, amening'ang'ania shingoni, na nilitoka nyumbani nikijiona mwizi. Mara ya pili wakaleta mtu mwingine, kilio kikaanza upya. Huyo wa pili alichelewa dakika 50, na niliporudi nilikuta safu mbili za ile karatasi tupu. Nililalamika, wakanirudishia nusu ya malipo bila ubishi, hilo nawapa. Mara ya tatu nilipiga wakati wa mafua, nikaambiwa walezi wote wameshachukuliwa. Ilinibidi kucheka: watoto huugua kwa msimu, kwa hiyo siku unayomhitaji mlezi ndiyo siku kila mzazi anamhitaji.

Nilichofanya baadaye ndicho ningewashauri hata mkitumia huduma nyingine kabisa. Nilimwomba yule mama wa kwanza aje Jumamosi mbili, mtoto akiwa mzima, nami nikiwa chumba cha pili. Nililipia saa tatu tatu. Mwenzangu alisema natupa hela, kumlipa mlezi huku mama mtu yupo nyumbani. Wamejenga minara ya vikopo, wakaibomoa, basi. Homa iliporudi mwezi uliopita, hakulia. Alimletea vikopo.

Kwa bei, si huduma ya kila mara. Siku moja yao ni karibu nusu ya ninachopata kazini kwa siku, kwa hiyo siku nyingi nikiweza kuomba ruhusa naomba, hasa siku ya kwanza ya homa, ambayo hata mimi mwenyewe sitaki kumwacha. Siku ya pili, mtoto anacheza lakini kituo bado hakimtaki, hapo ndipo wanapostahili hela yao.

Nawapa nyota tatu na nusu. Nimelipia miezi sita mingine, si mwaka kama walivyotaka, na nimewaandikia kuomba kitu kimoja: mzazi aruhusiwe kumtaja mlezi anayemtaka, na wakimkosa wamwambie kabla hawajamtuma mwingine. Wamejibu kwamba wanalifanyia kazi. Nasubiri.