Duka la dawa la Chikongola na kopo langu la vitamini D

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, mwaka wa 19 sasa. Baridi yabisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, ilinianzia vidoleni. Asubuhi ngumi haifungi, na uzi ananitungia mjukuu kabla hajaenda shule. Kliniki wakapima pia vitamini D kwenye damu yangu: nanogramu 14 kwa mililita, wakati wanataka ifike angalau 20. Nilishangaa, maana mwili huitengeneza kwa jua, na jua lote hili la Mtwara! Lakini jua lenyewe nalionea wapi? Naingia kibandani saa mbili, natoka saa kumi na mbili, baibui mwilini.

Duka la kwanza, silitaji, walinikatia vidonge kumi wakavitia kwenye bahasha ya kaki. "Kila siku kimoja, mama." Basi. Siku ya nne nikapita hili la Chikongola kuulizia bei ya kopo. Kijana wa pale akaomba aione ile bahasha, akasoma nyuma ya kipande cha pakiti: yuniti 50,000. "Mama, usimeze kingine. Hivi ni vya mara moja kwa wiki, tena kwa cheti cha daktari." Vitamini D ikizidi, akasema, kalsiamu inapanda kwenye damu na figo zinaumia. Akanirudisha kliniki nikapimwe kwanza. Hakuniuzia kitu siku ile, na hapo ndipo aliponipata.

Nilirudi na majibu kuwa sijadhurika, nikachukua kopo la vitamini D3 la yuniti 2,000, vidonge 60, shilingi 38,000. Kidonge ni laini, kidogo kama punje ya choroko. Ukikiinua kwenye mwanga unayaona mafuta ndani, rangi ya alizeti. Kinataka chakula chenye mafuta, kwa hiyo nakimeza mchana na wali wa nazi na vibua, ambao nao wana vitamini hiyo hiyo.

Nilimuuliza yule kijana kama kitaondoa uvimbe wa vidole. Hakunidanganya. Alisema seli za kinga zina mahali pa kuipokea vitamini D, na ikitosha inazituliza zisiwashe mchochota, yaani uvimbe na maumivu, ovyo. Akanitajia utafiti wa Marekani, VITAL, wa watu 25,871: waliokunywa yuniti 2,000 kila siku kwa miaka kama mitano, magonjwa ya kinga kuushambulia mwili yaliwapata pungufu kwa asilimia 22 kuliko waliopewa kidonge kitupu. "Lakini hao walikuwa hawajaumwa, mama. Wewe dawa za kliniki usiziache hata siku moja."

Miezi minne baadaye kipimo kimefika 29. Vidole bado vinachelewa kufunguka, ila si kama mwanzo, na siwezi kulipatia kopo sifa zote maana dawa za kliniki sikuziacha.

Bei inauma. Mzigo nao unakatika; mwezi wa sita nilikaa siku 11 bila. Maelezo ni Kiingereza kitupu, herufi kama sisimizi, lakini kijana huandika kwa kalamu juu ya kifuniko: 1x1, baada ya kula. Ukienda, beba majibu yako ya damu na dawa zote unazotumia. Atavitaka.