Uzoefu wangu na chapa za michoro ya wanyama wa dunia: karatasi safi, miguu ya kubahatisha

Seti niliyonunua ina chapa 12, yaani nakala za michoro zilizochapwa kwa printa, za ukubwa wa A3, mnyama mmoja kila karatasi, kuanzia okapi hadi dubu wa barafu, na chini ya kila mmoja jina la kisayansi kwa herufi za mlazo. Imetoka duka moja la mtandaoni la Ulaya ambalo sitalitaja. Bei ilikuwa euro 30 kwa karatasi, usafirishaji mbali. Karatasi na wino vina thamani ya hela hiyo bila ubishi. Michoro yenyewe ndiyo inayotaka jicho kali.

Mchoro wa mnyama mimi huanza kuukagua miguuni. Manyoya na kivuli huficha uzembe mwingi, lakini kwenye vidole mchoraji hana pa kujificha. Kinyonga wa Madagaska, Furcifer pardalis, amechorwa na mtu aliyemtazama kinyonga kweli: mguu wa mbele vidole vitatu vimeshikana upande wa ndani na viwili upande wa nje, na mguu wa nyuma ni kinyume chake, viwili ndani na vitatu nje. Wachoraji wengi hunakili mguu mmoja mara nne, kazi imekwisha. Huyu hakufanya hivyo, na magamba ya mgongoni yamechorwa moja moja hadi kwenye mkunjo wa mkia. Chapa hiyo ningeilipia hata ingeuzwa peke yake kwa bei ya juu zaidi.

Tukani, yule ndege wa mdomo mkubwa, ndiye wa upande wa pili. Ndege huyu hushika tawi kwa vidole viwili mbele na viwili nyuma, kama kigong'ota na kasuku. Kwenye chapa amepewa vitatu mbele na kimoja nyuma, mguu wa kunguru. Kisa ni rahisi kukikisia: picha nyingi za tukani hupigwa kwa mbele, vidole vya nyuma vimefichwa na tawi, na anayechora kwa kufuata picha moja hujaza asichokiona kwa mazoea. Mdomo ameupaka vizuri mno, na ndiyo maana mtu haangalii chini.

Kosa lililoniudhi kuliko yote ni la twiga. Imeandikwa Giraffa tippelskirchi, twiga wa Kimasai, huyu wa Serengeti na Tarangire, mnyama wa taifa la Tanzania. Mabaka yake yana kingo za meno meno, mengine yamechanika hadi karibu na kati. Aliyechorwa ana mabaka makubwa ya pembe nyingi, kingo zimenyooka, yametenganishwa na mistari myembamba myeupe. Huyo ni Giraffa reticulata, twiga wa Samburu na kaskazini ya Kenya. Mtoto aliyetembelea mbuga za pande zote mbili atakuuliza swali ukose jibu. Niliwaandikia wauzaji, wakasema msanii ana uhuru wake.

Uhuru sina ugomvi nao. Chui wa Tingatinga akiwa na macho makubwa kuliko masikio hakuna anayelalamika, kwa kuwa mtindo ule alioanzisha Edward Saidi Tingatinga Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 haukuwahi kudai kuwa somo la maumbile. Ukishaandika jina la kisayansi chini ya mchoro, hapo umedai.

Waliobaki wengi wako sawa. Jaguar ana madoa madogo ndani ya maua yake, yale mabaka ya duara ya ngozi. Hilo ndilo linalomtofautisha na chui wetu, ambaye maua yake kwa kawaida ni matupu katikati. Tembo wa Asia ana kidole kimoja kwenye ncha ya mkonga (wa Afrika ana viwili), mgongo umeinuka katikati na paji lina vinundu viwili. Mkia wa lemuri mwenye pete umeishia kwenye nyeusi kama inavyotakiwa. Okapi ana vipembe, basi ni dume, maana jike hana. Milia imebaki matakoni na miguuni tu bila kupanda tumboni. Ukitaka kumpima muuzaji yeyote haraka, omba picha ya karibu ya mguu na ya mkia kabla hujalipa. Asiyeweza kuituma, achana naye.

Siku hizi kuna la ziada la kuangalia, michoro inayotengenezwa na akili mnemba kisha kuuzwa kama ya mkono au hata kama ya karne ya 19. Seti hii si ya aina hiyo, ila nimeziona nyingi sokoni. Tazama sharubu za paka: kwa mnyama wa kweli zimepangwa kwa safu kwenye shavu, si kuchipuka popote. Tazama mahali milia ya pundamilia inapokutana na nyasi, kama haiyeyuki ikawa nyasi. Soma na jina la kisayansi herufi kwa herufi. Likiwa na herufi zisizosomeka, habari imeisha.

Sasa karatasi. Ni ya pamba, gramu 310 kwa mita ya mraba, isiyong'aa, na wino ni wa pigmenti (chembe za rangi zisizoyeyuka majini). Mchanganyiko huu ndio bora kwa chapa ya kudumu, ila una udhaifu wake, na seti ya wanyama huufichua kuliko picha za mandhari. Printa za kazi hizi hazina wino mweupe. Nyeupe yote unayoiona ni karatasi yenyewe. Pamba isiyotiwa dawa ya kung'arisha ina umanjano kidogo, kwa hiyo dubu wa barafu ametoka rangi ya maziwa ya mgando badala ya theluji. Mchoraji alijua, akamzungushia kivuli cha bluu hafifu ili jicho limwone mweupe, na kwa mbali inakubali. Kwa karibu, ukiweka karatasi ya kawaida ya printa pembeni, utaona tofauti. Kuna watakaotaka karatasi nyeupe zaidi. Shida ni kwamba weupe ule hutoka kwenye kemikali inayobadilisha mwanga wa urujuanimno kuwa bluu, na kemikali hiyo huchoka kwa miaka, karatasi ikarudi kwenye umanjano huku rangi za picha zikiwa zilipangwa kwa weupe uliopotea. Bora umanjano unaoujua tangu mwanzo.

Upande wa weusi ni taabu zaidi. Karatasi isiyong'aa haitoi nyeusi nzito, kwa kuwa uso wake hutawanya mwanga. Sokwe wa milimani, yule wa Virunga na Bwindi, ameumia hapo: kifua na mabega vimeungana kuwa doa moja la kijivu kizito, na manyoya yaliyochorwa kwa subira hayaonekani mpaka umulike taa kwa ubavu. Mnyama mweusi afadhali achapwe kwenye karatasi ya baraita, yenye mng'ao mdogo na nyeusi ya kina. Duka halikutoa chaguo hilo, lilichapa wote kwenye karatasi moja ili seti ifanane. Na kipepeo morpho wa Amerika Kusini usimnunue kwenye chapa ya aina yoyote. Bluu yake haitokani na rangi bali na umbo la vigamba vya bawa vinavyorudisha mwanga, hubadilika ukisogea, na wino hauwezi kuiga hilo. Kilichotoka ni bluu ya sare ya shule.

Maelezo ya muuzaji kuhusu karatasi na wino unaweza kuyahakiki mwenyewe. Chukua taa ya kukagulia noti, ile ya kaunta za kubadilisha fedha na mawakala wa pesa za simu, umulike ukingo mweupe gizani. Ukiwaka bluu kali, kuna dawa ya kung'arisha. Ukibaki umefifia, karatasi haina dawa hiyo. Kisha kioo cha kukuzia cha mara 10. Chapa ya wino wa kunyunyiza huonyesha vitone vilivyotawanyika bila mpango. Ukiona vitone vimejipanga kwa viduara vinavyojirudia, hiyo ni ofseti ya kiwandani, bei yake isifike hata robo ya hii. Kwa kioo hicho hicho angalia sharubu na kope. Zikiwa ngazi ngazi, faili lilikuwa dogo likanyooshwa. A3 kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 3508 kwa 4961. Mwisho, kama kuna kipande cha rangi kwenye ukingo utakaofunikwa na fremu, kiguse kwa pamba yenye unyevu kidogo: wino wa pigmenti hubaki ulipo, ule ulioyeyushwa majini huchuja.

Namba za penseli pembeni, mfano 40/250 (nakala ya 40 kati ya 250), zisikupandishie bei kichwani. Kwenye chapa za bamba la shaba namba ndogo ilikuwa na maana, kwa sababu bamba lilichakaa kadiri lilivyochapa na mistari ikafifia. Faili la kompyuta halichakai. Ya 1 na ya 250 ni sawasawa. Namba inakuhakikishia tu kwamba hazitazidi hizo, ikiwa muuzaji ni mkweli.

Ufungaji ulikuwa mbovu. Karatasi zote 12 zilisukumwa kwenye bomba moja la kipenyo cha sentimita 5. Karatasi nzito hivi inahitaji bomba la sentimita 10 angalau, na karatasi laini katikati ya kila mbili. Matokeo: mbili za ndani kabisa zilipata alama ya nusu mwezi, ile ya ukucha, mahali kidole kilipobonyeza wakati wa kukunja. Alama hiyo haitoki. Mkunjo wa jumla unatoka: laza chapa uso chini juu ya karatasi safi isiyo na asidi, funika kwa nyingine, weka ubao bapa na vitabu vizito juu, uache siku mbili. Usiikunje kinyume kwa mikono ili inyooke. Uso wenye wino utapasuka. Na usiupanguse uso kwa kitambaa hata mara moja, kwani wino wa pigmenti kwenye karatasi isiyong'aa umekaa juu na huchubuka. Vumbi liondoe kwa brashi laini.

Kwa aliyeko Mombasa, Tanga, Dar au Unguja, kazi kubwa iko kwenye fremu. Hewa ya pwani ni nyevu mwaka mzima, na karatasi ya pamba hunywa unyevu ikatanuka. Fundi fremu akiibandika yote kwa gundi kwenye kadibodi, itavimba katikati. Akiibana pande zote nne kwa selotepu, itafanya mawimbi, na gundi ya selotepu itaacha doa la kahawia. Mwambie aining'inize kwa vibawaba viwili vya karatasi nyembamba ya Kijapani, juu tu, kwa gundi ya wanga wa ngano, ili chini iwe huru. Kati ya chapa na kioo iwepo kadi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha, unene milimita 2 au zaidi. Chapa ikigusa kioo, umande wa usiku wa kiyoyozi utaigandisha hapo, na kuibandua ni kuichana. Kwa A3, fremu ya ndani ya sentimita 45 kwa 57, dirisha likifunika chapa milimita 2 hadi 3 kila upande, huacha ukingo wa karibu sentimita 8 pande zote. Fremu za dukani za 40 kwa 50 zinabana.

Ubao wa nyuma usiwe wa unga wa mbao ukigusa chapa moja kwa moja, asidi yake hupanda taratibu. Bandika vipande vya mpira au koki vya milimita 5 kwenye pembe za chini za fremu, kwa nyuma, ukuta upumue. Kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, zile za Mji Mkongwe hasa, ukuta wenyewe hutoa unyevu. Tundika ukuta wa ndani, kamwe usiwe wa nje wala unaopakana na bafu. Kuvu huanza kwa vidoa vidogo vya kahawia kwenye ukingo mweupe, na ukiviona fungua fremu siku hiyo hiyo.

Kwenye ushuru wa forodha, chapa za dijitali huingia kundi la picha zilizochapwa, namba 4911 ya orodha ya bidhaa, hata ikiwa zimesainiwa. Si kundi la sanaa halisi. Omba muuzaji aandike hivyo kwenye ankara pamoja na bei ya kweli, usije ukakadiriwa.

Ningeambiwa ninunue tena, ningechukua kinyonga, jaguar, tembo na okapi, nne tu, kwenye bomba kubwa. Waliobaki ningechapisha hapa hapa. Maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library ina michoro mingi ya zamani isiyo na hakimiliki, bure. Za ndege za John James Audubon, 435, zilizotoka kati ya 1827 na 1838, zinapatikana kirahisi, ila kumbuka alimchora kila ndege kwa ukubwa wake halisi kwenye karatasi ya karibu mita moja kwa urefu, ndiyo maana heroe wake ameinamisha shingo ili aenee. Ukiishusha hadi A3 mistari husongamana. Chagua ndege mdogo au panda A2. Nenda Nairobi au Dar kwa mchapaji mwenye printa ya pigmenti, umuulize wino gani, karatasi gani, na kama ana profaili ya rangi ya karatasi hiyo, yaani faili linaloipangia printa rangi kulingana na karatasi. Mwombe kwanza akuchapie kipande cha sentimita 10 chenye jicho la mnyama na sehemu nyeusi kuliko zote, ukitazame juani na chini ya taa ya chumba utakapokitundika, ndipo ulipie karatasi nzima.