Usimwachie kabureta yako fundi mwenye waya

Jina lake silitaji, sitaki kesi. Kijiwe kiko Mbagala ndani ndani. Pikipiki yangu ni Boxer ya kazi, na shida yake ilikuwa ndogo: ikipata moto inakosa sailensa, yaani ule mngurumo wa chini injini ikiwa inawaka bila kupewa mafuta, kwenye foleni ukiachia mafuta inazima na abiria yuko mgongoni. Bodaboda yeyote atakwambia hiyo ni kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, isafishwe na kutegwa upya, basi.

Kuifungua alifungua vizuri, sina neno. Halafu nikamwona anachomoa uzi mmoja kwenye waya mkuukuu wa klachi, anauchomeka kwenye jeti, vile vipande vyenye tundu la kupimia petroli inayoingia kwenye injini, na kuuzungusha kama mtu anayetoa nta sikioni. Zote mbili, kubwa na ndogo! Ile ndogo tundu lake halifiki hata nusu milimita, na jeti ni shaba, laini, wakati waya wa klachi ni chuma. Ukilikwangua limepanuka, na likishapanuka hakuna skrubu ya kulirudisha. Jeti inataka petroli na upepo, na kompresa ya kujazia matairi ilikuwa pale pale! Nikamwambia kwa adabu, "Fundi, si tuipulize tu?" Hata uso hakuinua. "Braza, ungekuwa unaijua hii kazi ungeifanyia kwako." Waliokaa kwenye benchi wakacheka. Na hela nikatoa.

Ila haki yake nimpe. Kwenye kutega sailensa jamaa ni balaa. Aliiacha injini ipate moto kwanza, jambo ambalo mafundi wengi hawana subira nalo, akawa analegeza skrubu ya hewa robo robo huku anasikiliza eksozi, mlio ulipopanda akaishia hapo, akaushusha kwa skrubu ya pili, akarudia tena. Ikatulia kabisa. Siku ile ningempa nyota tano, na lile jibu lake la kihuni ningelimeza.

Wiki haikuisha vizuri, tenki likawa linakauka kabla ya saa sita mchana. Moshi mweusi. Nikafungua plagi, masizi matupu, wakati plagi ya injini iliyotulia inakuwa ya kahawia. Nikamrudishia. Unajua alisemaje? Mafuta ya sheli yamechakachuliwa! Kwamba sheli zote ninazoweka, kuanzia Kongowe mpaka Kariakoo, zimekula njama dhidi ya Boxer yangu. Halafu anataka hela ya kufungua tena.

Jeti mpya nimenunua mwenyewe, bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana, na fundi mwingine amezifunga. Ulaji wa mafuta umerudi kawaida. Lakini sailensa ya huyu wa sasa haiifikii ile ya yule mshenzi, na hilo ndilo linaloniuma.

Nyota moja. Au mbili, kwa ajili ya lile sikio. Ukilazimika kwenda, nenda na jeti mpya mfukoni, na usimpe kisogo hata kwenda kununua maji.